Bolti ngumu zaidi si dawa ya salfaidi

Kila bolti inapokatika kwenye mabomba yenye salfaidi hidrojeni, ile gesi inayonuka kama yai viza, naambiwa neno lilelile: "Safari hii tuweke ya chuma kigumu zaidi." Jamani, hapana! Ugumu ndio ulioikata hiyo ya kwanza.

Salfaidi inapokula chuma huzaa salfaidi ya chuma, ule ukoko mweusi, pamoja na atomu za hidrojeni. Kwa kawaida atomu hizo huungana mbilimbili, zikawa gesi na kwenda zake. Salfaidi huvuruga muungano huo, basi nyingi huzama ndani ya chuma chenyewe. Chuma laini huvumilia zaidi. Chuma kigumu kilichokazwa sana hupasuka ghafla, tena kwa mzigo ulio chini ya uwezo wake. Itazameni bolti iliyokatika: unene haujapungua, hesi bado kali, na pale ilipokatika hapaonyeshi kuvutika hata kidogo. Kuongeza unene kungesaidia nini?

Kwa sababu hiyo kiwango cha kimataifa cha ISO 15156, kinachohusu vyuma vya kutumiwa penye salfaidi hidrojeni, kinaweka kikomo cha ugumu, na kwa vyuma vingi vya kaboni ni 22 kwa kipimo cha Rockwell C. Mimi nasisitiza ugumu upimwe kabla ya kufunga, hata cheti kikiwa safi namna gani. Mishono ya kuchomelea nayo ipimwe, maana ikipoa haraka, ukanda wa pembeni yake huwa mgumu kuliko bamba.

Wengine husema pasipo oksijeni hakuna kutu. Lakini bakteria wanaotumia salfeti, aina ya chumvi yenye salfa, hustawi hapohapo, chini ya tope sakafuni mwa tangi, na salfaidi wanayoitoa hutoboa bamba.

Ukoko mweusi nao husifiwa kuwa kinga. Ni kinga kiasi ukiwa mzima. Ukibanduka mahali, unaobaki hupitisha umeme, na kile kidoa kilichoachwa wazi huliwa kwa kasi hadi kuwa shimo.

Wengine humwambia anayetaka kuingia tangini: "Harufu imeisha, ingia tu." Msithubutu! Gesi ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Aingie mtu baada ya kipimo, si baada ya kunusa. Ukoko wenyewe ukikauka penye hewa unaweza kuwaka bila kiberiti, kwa hiyo ulowesheni tangi linapofunguliwa, na ubaki umelowa mpaka utolewe wote.