Raba za mguu wa boti: yanayosemwa gatini na yaliyo kweli

Asubuhi moja kwenye hori la Mtwapa tulikuta boti ya uvuvi wa mchezo imelala tezi (nyuma) chini ya maji, omo (mbele) juu, kamba ya boya imekaza. Usiku huo hapakuwa na upepo wala wimbi. Tulipoivuta juu, mwili wake ulikuwa mzima. Tundu lilikuwa kwenye raba: ufa usiozidi ukucha wa kidole gumba. Pampu ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, ilikuwa nzima pia, ila betri ilikuwa imeisha moto.

Boti ile ilikuwa ya stendraivu, yaani injini iko ndani, na mguu wenye rafadha (panga linalosukuma boti) umetokeza nje ya tezi. Volvo Penta waliutoa mfumo huu mwaka 1959, na tangu hapo kazi ngumu ni ileile: shafti inatoboa tezi chini ya mstari wa maji, na papo hapo mguu unatakiwa ugeuke kushoto, kulia, na uinuke. Kinachozuia bahari isiingie ni raba yenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi. Mafundi huiita buti. Kwenye mguu wa MerCruiser aina ya Alpha One ziko tatu: kubwa inayofunika krosi za shafti (krosi kama zile zilizo chini ya lori), moja ya kupitishia moshi, na ndogo inayofunika kebo ya gia. Watu huzihesabu kama vipuri. Mimi nasema ni sehemu ya mwili wa boti, kama ubao au faiba, na ndivyo zinavyopaswa kukaguliwa.

Dhana: “Nimeitazama, inang'aa, haina neno.”

Kinachong'aa ni mgongo wa mkunjo. Ufa huanzia bondeni, mahali ambapo raba hujikunja kila unapokata kona, na mguu ukiwa chini umenyooka bonde hilo halionekani kabisa. Kwa boti isiyo na trela, sisi hungoja bamvua (siku maji yanapojaa na kutoka sana), tunaipweleza kwenye mchanga mgumu, na maji yakitoka tunapata muda wa kutosha. Inua mguu hadi mwisho, kisha weka gogo imara chini yake. Usiingize mkono ukitegemea haidroli peke yake. Geuza usukani mpaka ukome upande mmoja. Sasa raba ya upande wa pili imevutika. Osha chumvi na tope, washa tochi, halafu tenganisha mikunjo kwa vidole gumba viwili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayefungua kurasa zilizoshikana. Unatafuta mistari myembamba kama ya udongo uliokauka, sehemu iliyokuwa ngumu, au alama ya kusagwa karibu na klipu, ile pete ya chuma inayoibana raba. Geuza usukani upande wa pili, uanze tena. Klipu nazo zitazame, hasa kwenye skrubu, maana huko ndiko kutu huanza. Ukiona ufa, hata kama haujapenya, raba hiyo imemaliza kazi.

Dhana: “Ingekuwa imepasuka, boti ingejaa maji mara moja.”

Kwa kawaida haiwi hivyo, na ndiyo sababu watu hushtukizwa. Maji hujaa kwanza ndani ya buti kubwa. Yanaosha grisi, krosi zinashika kutu, na beringi inayoshika shafti upande wa injini inaanza kunguruma, zaidi unapokata kona. Baadaye yanapenya kufuata shafti hadi ndani ya boti. Ngurumo hiyo ukiisikia, usiongeze grisi ukaendelea na safari za wageni. Vuta boti juu. Ile buti ndogo ya kebo ya gia nayo hudharauliwa kwa udogo wake, ilhali ikipasuka maji yana njia ya kuingia ndani pale pale. Ya moshi ndiyo pekee ambayo kwa kawaida haizamishi boti, lakini usiiache imechanika.

Dhana: “Mafuta ya gia ni safi, hayajawa meupe, kwa hiyo raba ni nzima.”

Hivi ni vitu viwili. Mafuta yakiwa kama maziwa, tafuta kwanza sili (pete za kuzuia maji) za shafti ya rafadha na zile za mguu wenyewe. Buti haigusani na mafuta hayo, kwa hiyo inaweza kuwa imechanika kabisa na mafuta yakabaki safi.

Dhana: “Boti ikipumzika, acha mguu juu ili chaza wasiuote.”

Hii naielewa, kwa sababu kwenye maji yetu ya joto chaza na wenzao wa magamba huota haraka mno. Lakini mguu ulioinuliwa wiki nyingi huiacha raba imebanwa upande mmoja na kuvutwa upande mwingine, nayo huzoea umbo hilo. Baya zaidi, magamba huota ndani ya mikunjo. Siku unapoteremsha mguu, yanaikata raba kama wembe. Boti ikikaa muda mrefu, teremsha mguu. Ikiwezekana, itoe majini. Isipowezekana, mtu azamie aisafishe mikunjo kwa mkono au brashi laini, asitumie kisu.

Dhana: “Boti haitumiki sana, raba bado changa.” Raba huzeeka kwa miaka, joto na kukaa mkunjo mmoja, hata injini isipowashwa. Andika tarehe ya kuifunga mahali utakapoiona.

Dhana: “Paka grisi iwe laini, ufa uzibe kwa silikoni.” Grisi na mafuta ya petroli huivimbisha na kuidhoofisha raba nyingi. Silikoni nayo hubanduka, maana mahali pale hapatulii. Rangi ya kuzuia viumbe wa baharini isiguse buti.

Dhana: “Badilisha iliyopasuka tu.”

Mguu ukishatolewa, kazi kubwa imekwisha. Weka buti zote tatu na klipu mpya za chuma kisichoshika kutu, tumia gundi pale kitabu cha mtengenezaji kinaposema, zungusha beringi kwa kidole usikilize kama inakwaruza, na pima mstari wa injini na shafti kwa chuma chake maalumu. Injini ikikaa kombo, krosi na beringi mpya zitaharibika mapema.

Ukiirudisha boti majini, usiondoke. Futa ngama kwa kitambaa mpaka ikauke, zima pampu ya otomatiki, kaa saa nzima, kisha pitisha mkono chini ya injini, upande wa tezi. Mkono ukitoka mkavu, washa pampu, ndipo ushuke.