Mashine ya kupima gari haimfanyi kijana kuwa fundi

Kila baada ya mavuno linakuja swali lile lile, kutoka Mbozi, Rungwe, Makambako, popote: "Mwalimu, ada ya chuo ya nini? Magari ya siku hizi si kompyuta tu? Nimnunulie kijana mashine ya kupimia, akaanze kazi Mwanjelwa." Mzazi anauliza kwa nia njema, na fedha ni za jasho lake. Kwa hiyo safari hii namjibu kwa urefu.

Mashine inasoma kile ambacho kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imekiandika. Kontroli boksi nayo haina macho, inachokiona ni volti zinazofika kwenye pini zake. Volti zikitoka nje ya mipaka iliyowekwa na kiwanda, au zikipingana na sensa nyingine, yaani kifaa kingine cha kupimia, inaandika namba na kuwasha taa ya cheki injini. Kazi yake inaishia hapo. Kati ya pini ile na kifaa kinachotajwa kuna waya mrefu, soketi mbili tatu, pengine fyuzi na rilei, na mahali waya wa hasi ulipofungwa kwenye bodi. Namba inahusu njia yote hiyo. Mtu akisoma jina la sensa kwenye kioo na kukimbilia dukani, anakisia kwa fedha ya mteja.

Tuchukue mfano mdogo kabisa, namba P0118. Maana yake ni kwamba volti kwenye saketi ya sensa ya joto la maji ziko juu kupita kiasi. Aliye na mashine peke yake ananunua sensa. Aliyefundishwa anafungua kwanza data laivu, yaani vipimo vya wakati huo huo, aone joto linalosomwa. Ikiandikwa nyuzi -40, hiyo si baridi ya Mbeya, hata alfajiri ya Julai. Ni namna kontroli boksi inavyoiona saketi iliyokatika. Sasa chomoa soketi ya sensa na uunganishe matundu yake mawili kwa kipande cha waya. Usomaji ukiruka hadi 140 au zaidi, waya zote mbili ni nzima na kontroli boksi ni nzima, kwa hiyo sensa ndiyo mbovu, kanunue. Ukibaki -40, usiiguse sensa. Gusisha waya wa ishara kwenye bodi. Usomaji ukiruka, waya wa hasi ndio umekatika. Usiporuka, fuata waya wa ishara hadi kwenye kontroli boksi. Zoezi zima ni dakika tano na kipande cha waya. Lakini ni la sensa za joto zenye waya mbili tu. Kijana akilifanya kwenye sensa ya waya tatu, akaunganisha volti 5 na hasi, anaweza kuzima sensa nyingine zote zinazotumia volti hizo, na gari likakataa kuwaka kabisa.

Soma tena aya hiyo uhesabu mara ambazo mashine ilitoa jibu. Ilionyesha usomaji tu. Jibu lilitoka kwa mtu anayejua kwa nini saketi iliyokatika inasoma -40 na iliyogusana inasoma 140. Hilo ni somo la darasani: sensa hii ni kizuizi cha umeme, na kizuizi hicho, kinachopimwa kwa omu, hupungua joto likipanda. Kwenye Toyota nyingi ni kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya 200 na 400 yakifika nyuzi 80. Asiyejua omu ni nini hawezi kulifanya zoezi lile, hata awe na mashine ya bei gani.

Namba inayonikera kuliko zote ni P0171. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Kwa sababu sensa ya oksijeni ndiyo inayopeleka taarifa hiyo, watu wanaitoa sensa ya oksijeni. Sensa imesema kweli, nayo inatupwa! Kwenye gari kama IST au Vitz, tazama asilimia ya marekebisho ya mafuta (kiasi ambacho kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta), ya muda mfupi na ya muda mrefu, uzijumlishe. Tazama kwanza injini ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Asilimia ikiwa kubwa kwenye sailensi, tuseme 20, halafu ikashuka hadi karibu na 5 ukikanyaga mafuta, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa uani: mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa, bomba la kupumulia injini, au gasketi ya manifodi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Tundu lile lile ni kubwa kwa injini inayovuta hewa kidogo na dogo kwa injini inayovuta nyingi, ndiyo maana asilimia inashuka. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku mafuta hayatoshi, yaani pampu imechoka au filta ndani ya tangi imeziba, au sensa ya hewa imejaa vumbi na inahesabu pungufu. Injini ya sisi (cc) 1,500 yenye afya, ikiwa sailensi na imeshapata moto, husoma hewa ya gramu 2 hivi kwa sekunde. Na usisahau ekzosti iliyotoboka kabla ya sensa ya oksijeni. Inavuta hewa ya nje na kuidanganya sensa, wakati injini haina tatizo lolote.

Vitabu husema marekebisho yakipita asilimia 10 kuna ubovu. Mimi siishiki 10 hiyo kama sheria. Magari yanatembea vizuri kwenye 12, na mengine yana ubovu wa wazi kwenye 8. Ninachokiamini zaidi ni jinsi asilimia inavyobadilika kati ya sailensi na resi.

Nyanda zetu za juu zinamuumbua zaidi kijana aliyejifunzia kwenye video za watu wa pwani. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, sensa ya mgandamizo wa manifodi inapaswa kusoma mgandamizo wa hewa ya nje. Dar es Salaam ni karibu kilopaskali 101. Hapa ni kati ya 82 na 84. Kijana anaona 83, anakumbuka 101 ya kwenye video, anatangaza sensa mbovu. Sensa mpya inafungwa, inasoma 83. Sasa anashuku kontroli boksi! Ukikutana na sensa inayosoma 101 hapa Mbeya kabla ya kuwasha injini, hiyo ndiyo ya kuhoji.

Kupima kompresheni, yaani nguvu ya mbano ndani ya silinda, ni vivyo hivyo. Injini inabana hewa iliyo nyepesi tangu mwanzo, kwa hiyo usitarajie namba ya kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari. Punguza karibu asilimia 18 ndipo uanze kulinganisha. Injini ambayo kitabu kinaipa bar 14 ikitoa 11.5 Uyole, haijachoka. La maana zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi bar 1 hivi, tia mafuta kidogo ya injini kwenye silinda dhaifu na upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipobadilika, ni vali au gasketi ya silinda hedi. Wapo watu wameporomosha injini nzima kwa kutojua suala la mwinuko peke yake.

Waya za hasi nazipitia haraka kwa kuwa kila mwanafunzi anazisikia wiki ya kwanza, kisha anazisahau. Betri iliyotulia ni volti 12.6. Altaneta ikichaji ni 13.8 hadi 14.5. Weka mita kati ya hasi ya betri na injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.2, safisha maungio kabla ya kushuku chochote kingine. Hasi mbovu huleta namba tano za sensa tano kwa wakati mmoja, na mwenye mashine tu huandikia mteja orodha ya sensa tano. Panya nao huhamia kwenye magari yanayolala karibu na ghala la mahindi na kutafuna waya, na kuosha injini kwa pampu ya presha husukuma maji ndani ya soketi. Anza na macho na tochi.

Sasa yale ambayo darasani huwa hatuyasemi kwa sauti. Sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) ya waya mbili inaweza kupimwa ikiwa baridi na ikatoa omu safi kabisa, kisha ikafa injini ikipata moto kwenye mlima wa Kitonga, na ikapona ikipoa. Kipimo cha omu kinaweza kuihukumu kuwa mbovu, lakini hakiwezi kuiapia kuwa nzima. Na P0420, ya kisafisha moshi kwenye ekzosti, hadi leo inaninyima usingizi. Ukishahakikisha ekzosti haivuji, injini haimisi (hakuna silinda inayokosa kuwaka) na sensa zote mbili za oksijeni zinafanya kazi, uamuzi unaobaki ni wa kupima uzito wa ushahidi. Hakuna kipimo kimoja cha gereji kinachonipa uhakika wa kumwambia mteja atoe fedha nyingi hivyo bila moyo kudunda. Mwanafunzi anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Kuhusu njia za kusoma. VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi, ina vyuo Mbeya na Iringa, na ufundi magari, umeme wa magari, na bodi na rangi ni fani tofauti, kila moja na mtaala wake. Muulize kijana anataka ipi kabla ya kujaza fomu. Vyeti vya ufundi stadi vinapanda ngazi, I, II hadi III, na ngazi ya kwanza peke yake haimalizi fundi. Kijana ambaye tayari ana miaka gereji asiambiwe aanze upya. Kuna utaratibu wa VETA wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Anapimwa, mapengo yanaonekana, anapewa cheti kinachoeleweka kwa mwajiri.

Kama aanzie gereji au chuo, hapo moyo wangu umegawanyika. Wanaotoka gereji wana mikono, wanasikia boli linapotaka kukatika kabla halijakatika, ila wengi hawajawahi kuambiwa kwa nini. Wa chuo wanajua kwa nini, lakini injini waliyoizoea imefungwa kwenye stendi darasani. Haina matope, haina waya uliounganishwa na mtu mwingine miaka sita iliyopita. Nikilazimishwa kuchagua, nasema miezi michache gereji kwanza, kazi ya kushika tochi na kufungua matairi, kisha chuo. Atauliza maswali ya maana.

Yadi za magari ni ajira ambayo wazazi hawaifikirii kabisa. Yadi inahitaji mtu wa kukagua gari kabla halijanunuliwa na kabla halijamfikia mteja. Ujanja wa kawaida ni kufuta namba asubuhi ili taa ya cheki injini isiwake mnunuzi akija mchana. Aliyesoma anafungua ukurasa wa vipimo vya ndani ambavyo kontroli boksi hujifanyia yenyewe. Vingi vikiandikwa havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilichomolewa, na gari linatakiwa kuendeshwa kwanza kabla ya bei kuzungumzwa. Mtu huyo anahitaji pia kuandika ripoti inayosomeka na kumweleza mteja bila kumtisha. Kiswahili fasaha na mwandiko mzuri vina mshahara wake pale.

Na kuna magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme, ambayo sasa yanapanda hadi huku. Betri kubwa ya Prius ni zaidi ya volti 200, na waya zake ni za rangi ya chungwa ili mtu asizichezee. Kabla ya kuzigusa unazima gari, unaweka ufunguo mbali, unachomoa hasi ya betri ndogo, unavaa glavu za umeme za volti 1,000 ulizozikagua kama hazina tundu, unachomoa plagi ya usalama na kuiweka mfukoni mwako, unasubiri dakika 10 umeme uliojificha uishe, kisha unapima kwa mita kuhakikisha ni sifuri. Mashine haimwambii kijana hatua hizi. Hapa kukisia kunaua.

Kwa hiyo fedha ya mahindi iende kwenye ada kwanza. Ikibaki, mnunulie mita nzuri ya umeme, taa ya kupimia, seti ya spana na soketi za milimita 8 hadi 19, na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza boli, maana silinda hedi haifungwi kwa kukisia. Mashine inunuliwe mwisho, kijana mwenyewe akiwepo dukani. Iwe inaonyesha data laivu, iwe inasoma breki za ABS na airbag, na iwe inaelewana na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kwani mengi ya zamani yana soketi ya pini 16 lakini hayazungumzi na vile vidude vya bei rahisi. Aende na gari la aina anayotarajia kulihudumia. Kabla ya kulipa, achomoe soketi ya sensa ya joto la maji, awashe swichi, atazame. Kama kioo hakionyeshi -40, airudishe kaunta.