Uzi mmoja wa fiba, mawimbi themanini: tunavyodhani na ilivyo kweli

Dhana ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni kwamba uzi mmoja wa fiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, hubeba ishara moja, na ukitaka data zaidi huna budi kulaza kebo nyingine. Sivyo. Leza nyingi, kila moja na urefu wake wa wimbi, huunganishwa ziingie kwenye uzi mmoja. Upande wa pili mawimbi huchujwa, kila moja likaenda kwa kipokezi chake. Kati ya nanomita 1530 na 1565 hutoshea mawimbi 80 yaliyoachana kwa gigahezi 50. Na tangu vikuza mwanga vya erbiamu vilipobuniwa mwaka 1987, mawimbi yote hayo hukuzwa kwa pamoja yakiwa mwanga vilevile, bila kugeuzwa kwanza kuwa umeme.

Mafundi huyaita rangi, ila jicho haliyaoni, kwani ni infraredi. Tafadhali usichungulie ncha ya fiba kwa kuwa tu inaonekana giza. Leza usiyoiona huunguza jicho vilevile.

Wengine hudhani mawimbi hayo lazima yaende kwa mdundo mmoja. Hapana, kila wimbi hujitegemea: hili gigabiti 10 kwa sekunde, jirani yake 100. Kinacholindwa ni rangi yenyewe. Leza ikipata joto wimbi lake huhama, ndiyo maana hupozwa au kupashwa moto muda wote ibaki palepale.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye ulandanishi. Watu husikia neno hilo wakafikiria saa za ukutani zinazosoma dakika ileile. Kinachohitajika hasa ni mwendo sawa: kipokezi kihesabu biti, yaani zile 0 na 1 za data, kwa kasi ileile zinayotumwa. Kwenye gigabiti 10 kwa sekunde, biti moja iliyo safarini ndani ya kioo ina urefu wa sentimita 2 hivi. Kipokezi kikipotea kwa upana huo, kimesoma biti isiyo yake.

Wala hakuna waya wa pembeni unaoleta mdundo huo. Kipokezi huuchota kwenye mwanga wenyewe, kila unapobadilika kutoka 0 kwenda 1. Ndiyo sababu data huvurugwa kwa utaratibu maalumu kabla ya kutumwa, isije ikatokea sufuri mfululizo kipokezi kikakosa cha kushika.

Je, saa nzuri sana hazitoshi kuachwa zijiendee? Mitandao ya SDH, mfumo wa kusafirisha data kwenye fiba kwa mdundo wa pamoja, hutumia saa kuu ambazo kosa lake halizidi sehemu 1 kati ya bilioni 100. Hata hivyo, saa mbili za namna hiyo zikikosea kwa kuelekea pande tofauti, baada ya siku 72 hivi zitakuwa zimeachana kwa fremu nzima (fungu moja la data) ya mikrosekunde 125.

Fiba ya majumbani nayo ina dhana yake, kwamba kila nyumba ina uzi wake mpaka kituo cha mtoa huduma. Katika GPON, mfumo wa fiba ya majumbani, nyumba nyingi hugawana uzi mmoja na hutuma kwa zamu. Mwanga hutumia mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, kwa hiyo kituo hupima kwanza umbali wa kila kifaa cha nyumbani, kisha kukipangia muda wa kusubiri. Aliye kilomita 1 husubirishwa zaidi ya aliye kilomita 10, ili ishara zao zifike zikifuatana bila kugongana.