Kizuri hakikosi ila: simu na tableti mpya kwenye meza ya fundi

Juma lililopita kijana wa bodaboda kutoka Kondele, hapa Kisumu, aliniletea simu ambayo hata miezi minne haijamaliza. Kioo hakina mkwaruzo, kava bado jipya, lakini akifungua kamera picha inatetemeka kama maji kwenye karai. Niliisogeza sikioni nikasikia mlio mwembamba, kama mdudu aliyefungiwa ndani ya kibiriti.

"Fundi, haijaanguka hata siku moja," aliniambia, nami nilimwamini. Nikamuuliza tu huibeba wapi akiwa kazini. Akanionyesha pikipiki yake pale nje: kishikio kimefungwa kwenye usukani ili aone ramani na simu za wateja.

Kamera nyingi za bei ya kati na ya juu siku hizi zina kitulizo cha picha. Lenzi haijakazwa, imening'inizwa kwa springi nyembamba sana, na sumaku ndogo huisogeza kidogo kila mkono unapotikisika. Ndiyo maana picha za usiku hutoka safi. Sasa ifunge lenzi hiyo kwenye usukani wa pikipiki kutwa nzima, Kondele hadi Mamboleo na kurudi, matuta na mashimo yote. Apple wenyewe walitoa tahadhari Septemba 2021 kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kudhoofisha kamera za iPhone, na si za iPhone peke yake zilizojengwa hivyo. Sifa iliyomfanya kijana yule aichague simu ile ndiyo iliyoharibika kwanza.

Kwa dada anayeuza nguo Kibuye na kupiga picha za bidhaa zake jioni, kitulizo hicho ni faida tupu. Kwa hiyo mtu akiniuliza simu gani ni nzuri, simjibu mpaka aniambie anafanya kazi gani na simu itashinda wapi.

Nianze na jambo ambalo mara nyingi halipo kwenye boksi, nalo ndilo linaloleta wateja wengi hapa wakilalamika kwamba simu "imezeeka" kabla ya mwaka. Boksi linakwambia GB 128. Halikwambii ni hifadhi ya aina gani. Zipo mbili unazokutana nazo madukani: eMMC, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, na UFS. Ya kwanza husoma megabaiti 250 hadi 300 hivi kwa sekunde; UFS 2.2, ambayo si hata ya juu kabisa, huweza kukaribia 1,000. Tena UFS husoma na kuandika kwa wakati mmoja, ilhali eMMC hufanya moja, ikamaliza, ndipo ishike jingine. Siku ya kwanza dukani hutaona tofauti, kwa sababu simu ni tupu. Ngoja ijae picha za harusi, video za WhatsApp na programu thelathini, kisha uwe kwenye foleni ya supamaketi unataka kulipa kwa M-Pesa huku simu ikisasisha kitu chini kwa chini. Hapo ndipo eMMC inapokuacha umesimama.

Kuna maandishi mengine yanayoniudhi kwa dhati: "8+8", au "RAM hadi GB 16". RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi, na iliyo halisi hapo ni GB 8. Nane ya pili ni kipande cha hifadhi kilichokatwa na kupewa kazi ya RAM, na hifadhi ni polepole mno kuliko RAM. Kama simu ni ya eMMC, msaada huo karibu hauna maana, na unaendelea kuilisha hifadhi kazi ya kuandika na kufuta isiyoisha. Mzazi anayejikusanyia elfu kumi na tano kwa taabu anasoma 16 na kuamini 16. Ukiwa dukani uliza namba ya kwanza tu, kisha tafuta jina kamili la modeli mtandaoni uone kama ni eMMC au UFS kabla hujatoa pesa.

Megapikseli nitazipitia haraka. Kamera ya megapikseli 50 kwa kawaida huunganisha nukta nne nne kuwa moja, na picha unayoipata ni ya 12 na nusu. Si udanganyifu, hivyo ndivyo inavyokusanya mwanga wa kutosha. Lakini zile kamera mbili za pembeni za megapikseli 2 zinazojaza mgongo wa simu ya bei ya chini, usizihesabu. Pima kamera kuu, ndani ya duka, penye kivuli, ukimpiga picha mtu anayesogea.

Betri ndiyo habari ninayoweza kuizungumza mpaka jua lizame. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini joto la mchana hufika nyuzi 30 bila shida. Apple wanasema iPhone itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35. Simu iliyowekwa mbele ya dereva wa matatu, nyuma ya kioo, huku ikichajiwa na kuonyesha ramani, imeshavuka kiwango hicho kabla ya saa tano asubuhi. Betri ya lithiamu huuawa na mambo mawili yakikutana: joto, na kukaa imejaa kabisa. Dereva huyo anayafanya yote mawili kila siku, kisha miezi kumi baadaye ananiletea simu iliyovimba mgongo, kioo kimeinuka upande mmoja kama mfuniko wa sufuria.

Ndiyo maana sikimbilii kuusifu uchaji wa kasi. Una faida yake, hasa kwetu ambako stima hupotea bila hodi: inaporudi kwa nusu saa unataka kuitumia vizuri. Ila kasi huja na joto. Simu mpya nzuri ni ile inayokuruhusu kuzima kasi hiyo usiku na kuweka kikomo cha asilimia 80. Simu nyingi za miaka hii zina mpangilio huo, ingia kwenye mipangilio ya betri uutafute. Wati zilizoandikwa kwenye boksi hazikwambii lolote kuhusu umri wa betri. Kinachokwambia ni mizunguko, yaani mara ngapi betri inaweza kutumika asilimia 100 na kujazwa tena. Apple walisema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya 1,000. Kwa anayejaza simu kila siku, hiyo ni tofauti ya karibu mwaka mmoja na nusu na miaka karibu mitatu.

Sasa zimeingia pia betri za silikoni na kaboni, zinazobeba mAh 6,000 na zaidi ndani ya simu nyembamba. Kwa mtu wa kijijini anayechaji sokoni mara moja kwa siku mbili, huo ni ukombozi. Hata hivyo, kwenye betri za aina hii uliza mapema kipuri kitatoka wapi, maana betri ya kubandikiza kutoka modeli nyingine haitakaa mle.

Kuhusu kioo nasema machache. Vioo vya AMOLED huwa na weusi wa kweli na hupendeza kwa video. Vingi pia huonekana vizuri juani, ambalo ni jambo kubwa kwa mama anayeuza omena kwenye jua kali. Kikivunjika, bei ya kipuri humtoa mtu machozi. Nina simu tatu kwenye droo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua baada ya kusikia bei. Kioo cha IPS hakipendezi hivyo, lakini hubadilishwa kwa bei inayovumilika. Mwenye watoto wadogo nyumbani aanzie hapo.

Kuna mzee mmoja, mvuvi wa Dunga, aliyekuja na simu yenye alama ya IP68, imekufa kabisa. "Mwanangu, waliniambia hii haiingii maji." Niliifungua mbele yake. Kwenye kiungio cha chaji palikuwa na kutu ya kijani, na chini ya bamba la chuma linalofunika prosesa kulikuwa na unyevu bado. Nikamweleza: "Mzee, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Saba ni mita moja kwa dakika 30. Nane ni zaidi ya hapo, kwa kina anachotaja mtengenezaji. Lakini hupimwa kwa maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya." Simu yake ilikuwa imewahi kufunguliwa kubadilishiwa betri, na gundi inayozunguka mgongo haikurudishwa. Kuanzia siku ile ilikuwa simu ya kawaida yenye alama ya IP68. Kwa hiyo ukipeleka simu ya aina hiyo kwa fundi yeyote, nami nikiwemo, dai gundi mpya ya kuzuia maji na uione ikibandikwa. Na hata hivyo usiizamishe tena. Dhamana nyingi hazilipi uharibifu wa maji.

Jambo lililobadilika kweli miaka hii, na kwa uzuri, ni masasisho ya programu. Zamani simu ya bei ya kati ilitupwa baada ya miaka miwili. Samsung waliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16 iliyotoka 2024, na miaka 7 kwa Galaxy S24. Google walikuwa wametangulia kuahidi miaka 7 kwa Pixel 8, Oktoba 2023. Programu za benki huacha kukubali mifumo iliyozeeka, na simu isiyopata viraka vya usalama ni mlango ulioachwa wazi kwenye akaunti yako. Ila hesabu huanza siku modeli ilipotoka, si siku uliyoinunua. Simu ya 2022 inayouzwa leo kwa punguzo kwenye mtaa wa Oginga Odinga, ikiwa na ahadi ya miaka 3, imekwisha muda wake hata kama boksi halijafunguliwa.

Kipo kipimo kingine ninachokipenda. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu na tableti mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya lazima betri yake ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kila moja hupewa lebo inayoonyesha hata inavyostahimili kuanguka na urahisi wa kuitengeneza. Sheria hiyo haitulindi sisi huku, lakini kama modeli unayoitaka inauzwa kule pia, lebo yake ipo mtandaoni na kuisoma ni bure.

Kwa wanaonunua simu zilizotoka nje: iPhone za soko la Marekani, kuanzia iPhone 14, hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu, yaani laini ya kidijitali iliyojengwa ndani ya simu. Na simu ya mtumba iliyochukuliwa kwa mkopo inaweza kufungwa kutoka mbali na aliyekopesha, na kuirudisha katika hali ya kiwandani hakuondoi kufuli hilo. Nimewaona watu wakilia hapa mezani. Dai risiti ya mkopo uliokamilika.

Sasa tableti, ambazo watu huzinunua kwa moyo mwema na kwa haraka. Magharibi ya Kenya tunazijua. Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na chuo kikuu kingine, JKUAT, ndivyo vilivyopewa kazi ya vifaa vya wanafunzi wa darasa la kwanza katika mpango wa serikali ulioanza 2016, na sensa ya 2019 ilifanywa kwa tableti. Kosa la wengi ni kuipima kwa upana wa kioo. Tableti nyingi za bei ya chini kabisa zina prosesa dhaifu kuliko simu ya bei hiyohiyo, kwa sababu pesa imekwenda kwenye kioo. Nyingine hazina kibali cha juu cha ulinzi wa video, kwa hiyo filamu za kulipia zinaonekana kwa ukungu wa mistari 480 hata kama kioo kinaweza zaidi. Na kwa maafisa wa kilimo wanaopima mashamba: iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS. Ile yenye sehemu ya laini ndiyo inayo. Nyingi za Android za Wi-Fi huwa nayo, lakini si zote, kwa hiyo hakikisha kabla ya kwenda nayo shambani.

Mwalimu mmoja wa Luanda, kaunti ya Vihiga, aliniletea tableti aliyomnunulia mwanawe. Ilitumika muhula mmoja, ikakaa kabatini, ikagoma kuwaka. Hakuna kilichovunjika. Niliufungua mgongo nikagusisha kipima umeme kwenye betri: volti 1.9. Betri ya aina ile ikishuka chini ya 2.5 huanza kuharibika ndani, na kuilazimisha ichajike ni hatari. Ilikuwa imewekwa ikiwa imekwisha chaji, na kidogo kilichobaki kikajinyonya polepole gizani kwa miezi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiua, fundi?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Hakuna aliyekwambia."

Nilimwekea betri nyingine, nikamwomba kila shule ikifungwa aiache kwenye asilimia 50, aizime kabisa, na aitazame mara moja kwa mwezi. Mwezi wa nane, siku ya pili ya likizo, aliniandikia ujumbe: "Fundi, nimeiacha nusu. Nimeizima."