Kokoto hazivutwi, hubebwa na upepo

Kazi yangu ni kuondoa kokoto kwenye mapaa kwa lori linalozibeba kwa upepo hadi kwenye tanki lake, na wiki yangu ya pili niliziba bomba. Tulikuwa juu ya ghala hapa Houston, Marekani, paa bapa lililotandazwa kokoto ukingo hadi ukingo, nami nimeshika mdomo wa mpira wa inchi 6, bomba laini linalopeleka kokoto kwenye lori. Nilikuwa na mazoea ya koleo, nikaona kazi ni ileile: zamisha, chota. Nikauzamisha mdomo kwenye rundo mpaka kwenye kishikio. Mpira ukanishtua mikononi, mlio wa kokoto ukakatika, na kule chini injini ya lori ikabadilika sauti, ikawa inaguna kama inayopanda mlima na mzigo. Asubuhi yote iliyobaki tuliimaliza kutafuta zilipokwama.

Msimamizi hakunifokea. Aliniambia tu kwamba nimezinyima kokoto hewa. Maneno hayo ndiyo ninayoanza nayo hadi leo kila anapokuja kijana mpya, kwa sababu asiyeyaelewa atalitumia lori hili miaka kumi na bado litakuwa linamshinda.

Wengi wetu tunalijua gari la kunyonya maji taka, na kazi yangu huchukuliwa kuwa ndiyo hiyo hiyo. Kwa macho yanafanana: tanki mgongoni, mpira mnene ubavuni. Lakini gari la maji taka hutoa hewa ndani ya tanki, kisha uzito wa hewa iliyo nje unayasukuma maji yapande. Mdomo wake unatakiwa uzame, maana ukiibuka tu, umeharibu. Tena safu ya maji isiyokatika haiwezi kupanda zaidi ya mita 10 hivi hata pampu iwe kamili namna gani, kwani uzito wa hewa ya dunia unaishia hapo. Kokoto haziji kwa njia hiyo. Zinakuja kwa upepo unaokimbia ndani ya mpira, na upepo lazima uingie mahali. Ukiuzamisha mdomo, umeufunga mlango.

Mfikirie mama anayepepeta mpunga. Makapi yanakwenda na upepo, punje zinarudi kwenye ungo, kwa kuwa upepo ule hauna nguvu za kubeba punje. Ongeza upepo, punje nazo zitaruka. Ongeza zaidi, itaruka changarawe. Changarawe ya milimita 10 huelea kwenye upepo unaopanda kwa takriban mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa, mwendo wa basi la mkoani. Kokoto ya milimita 30 inataka kama mita 44 kwa sekunde, karibu kilomita 160 kwa saa. Hicho ni kimbunga, nasi tunakitengeneza ndani ya mpira.

Watu wa Houston hawahitaji kuhadithiwa kimbunga na kokoto. Agosti 1983 kimbunga Alicia kilipofika hapa, kokoto zilipeperuka kutoka kwenye mapaa zikavunja vioo vya maghorofa ya katikati ya jiji, na barabara zikajaa vigae vya vioo. Nikipita mitaa hiyo huwa natazama juu. Kila paa tunalolisafisha, kuna kokoto kadhaa ambazo hazitampiga mtu.

Mbona ziliwekwa juu huko? Mapaa mengi bapa ya Marekani yamefunikwa shuka la mpira mweusi la kuzuia maji, halikugundishwa, limelazwa tu. Kinacholizuia lisipeperuke ni uzito wa mawe ya mtoni, kama kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Shuka likichakaa au likianza kuvuja, hakuna fundi atakayeliona tundu mpaka mawe yaondoke. Piga hesabu: paa la mita za mraba 1,000 limebeba tani 50. Ukizitoa kwa toroli unalitesa shuka njia nzima, na ukizikusanya rundo moja unaibebesha sehemu moja ya paa mzigo ambao halikujengewa. Kwetu ni mwiko kurundika, hata kwa dakika chache.

Sasa suala la upana wa mpira. Wateja wengi, na mafundi pia, wanaamini mpira mpana ndio bora. Lakini mashine inatoa hewa kiasi kilekile. Ukiipa njia pana, inatembea polepole. Kutoka inchi 6 kwenda 8, nafasi ya ndani inaongezeka karibu mara 1.8, na kasi inashuka kwa kiasi hicho hicho. Upepo uliokuwa mita 80 kwa sekunde unabaki 45, yaani kokoto kubwa zinaelea kwa shida, karibu kuanguka. Unganisha mpira mrefu zaidi, msuguano unapunguza tena. Nimeona watu wakilaumu injini siku nzima, kumbe kosa ni mpira waliouchagua wenyewe.

Moyo wa lori ni blowa, yaani pampu inayosukuma hewa. Ndugu wawili wa familia ya Roots wa Connersville, Indiana, waliipatia hataza mwaka 1860, na mpaka leo umbo ni lile: vipande viwili vya chuma mfano wa namba 8, vinazunguka vikipishana bila kugusana. Mwanya kati yao ni mwembamba mno. Mchanga ukifika humo, blowa imekwisha, na bei yake inauma. Kwa hiyo hewa ikitoka kwenye tanki hupitia kizungushio kinachotupa vumbi pembeni, kisha mifuko ya kuchujia, ndipo iruhusiwe kuingia. Mimi hufungua na kukagua mifuko kila jioni, hata kama paa lilikuwa safi.

Turudi kwenye mkono. Ulaze mdomo kidogo, uache upenyo wa vidole viwili upande mmoja, uutembeze kama anayefagia. Ukiwa sawa utasikia mlio wa mvua kubwa juu ya bati, mfululizo. Mlio ukianza kuja kwa mafungu, inua. Kokoto zinalala chini ya bomba na zimekaribia kukwama. Mwenzako aliye kwenye lori anaangalia geji: mshale ukipanda ghafla, kuna kizibo, ukishuka na kokoto haziji, kuna mahali panaingiza hewa. Na ukitaka kupumzika usizime. Inua mdomo, acha upepo mtupu upite mpaka bomba linyamaze. Ukikata upepo ghafla, kila kokoto iliyo kwenye bomba linaloshuka ukutani itaanguka kwa mara moja hadi kwenye kiwiko cha chini, yaani kona ya bomba, na hapo ndipo nilipozikuta zile zangu.

Kutafuta kizibo hutumii macho. Unagonga bomba kwa nyundo ya mpira kuanzia juu. Lililo tupu linaitika, lililojaa halijibu.

Kuhusu usalama nasema machache ila nayasisitiza. Mpira wa inchi 6 ukikamata kiganja hauachii. Lazima kuwe na kamba au mpini wa kukata upepo, na mtu aliye karibu nao asiondoke. Mawe makavu yakisugua plastiki yanatengeneza umeme, kwa hiyo bomba lifungwe waya wa ardhini. Vumbi la mawe lina silika, madini ya mchanga yanayodhuru mapafu, na sheria ya hapa inaruhusu mikrogramu 50 tu za silika hiyo kwa mita ya ujazo katika hewa ya kazini. Mapafu hayana vipuri.

Uzito nao unadanganya. Kikomo cha lori kwenye barabara kuu za hapa ni ratili 80,000, kama tani 36, pamoja na lori lenyewe. Ukichungulia tanki unaliona nusu tupu, kumbe gari limeshajaa kisheria. Dereva mzuri hupima, hakadirii.

Ndugu wengi wananiuliza kama mashine hii ingefaa huko nyumbani tulikotoka. Penye rundo la wazi na vijana wenye makoleo na karai, sioni sababu. Karai litashinda kwa gharama. Inafaa pale koleo lisipofika au litakapoharibu: katikati ya nyaya na mabomba yaliyofukiwa, chini ya sakafu zenye nafasi ya kutambaa, kati ya mataruma ya reli. Hapo hakuna cha kulinganisha.

Jambo la mwisho ni viwiko vya chuma. Kokoto hazipindi vizuri. Hugonga mgongo wa kona, na mgongo huo unaliwa siku hadi siku. Naweka alama ya chaki, kila Ijumaa nakigeuza kiwiko, mwisho wa kutokea uwe wa kuingilia, ili sehemu nyingine ipokee kipigo. Kikitoboka hakimwagi chochote, kwa sababu kinaingiza hewa badala ya kutoa. Kinapiga filimbi nyembamba, na aliye juu ya paa anaona mdomo wa mpira umepoteza nguvu ghafla. Ukisikia filimbi hiyo, acha upepo mtupu upite kwanza, bomba lote litoke kokoto, kisha ndipo uzime.