Kihisi kisicho na betri kinakula nini? Maana ya kuvuna nishati ya redio

Pasipoti ya kielektroniki, ile inayotolewa Tanzania tangu 2018, ina chipu ndani na haina betri. Ofisa wa uhamiaji akiiweka juu ya mashine, chipu inazinduka, inajibu, inalala tena. Umeme wake inaupata kwa mashine yenyewe, bila waya.

Kuvuna nishati ya redio ni wazo hilohilo likivutwa kutoka sentimita chache hadi mita kadhaa. (Wataalamu watanikatiza hapa: pasipoti hutumia uga wa sumaku wa karibu, si mawimbi yanayosafiri. Sawa, ni ndugu, si mapacha.) Anayelishwa safari hii ni kihisi cha joto, unyevu au mtikisiko, kilichofukiwa mahali ambapo hakuna atakayekwenda kubadilisha betri, tuseme ndani ya zege la daraja.

Antena inanasa mawimbi. Umeme unaotokana nayo hugeuka mwelekeo mamilioni ya mara kwa sekunde, kwa hiyo dayodi inaupitisha upande mmoja tu, na kinachopita kinawekwa kwenye kapasita, kidude cha kuhifadhi umeme kwa muda. Si jambo geni. Redio za kristali za miaka ya 1920 hazikuwa na betri. Sauti iliyosikika sikioni ilisukumwa na nguvu ya stesheni.

Shida ni kiasi. Chukua mtambo wa megahezi 915 unaorusha wati 4, antena yake ikiwa imeshahesabiwa humo. Mita 5 kutoka hapo, pasipo ukuta, antena ndogo hupata kama maikrowati 110, yaani sehemu 110 za milioni za wati moja. Rudi nyuma hadi mita 10, inabaki robo. Tena volti zake ni ndogo mno, ilhali dayodi ya kawaida ya silikoni haifunguki vizuri mpaka isukumwe na volti kama 0.6. Ndiyo maana hutumika dayodi za Schottky, zenye mlango mwepesi, na bado sehemu kubwa hupotelea hapohapo mlangoni.

Tuseme zimebaki maikrowati 10. Kihisi huishi nazo kama watu wa mtaa wenye mgao wa maji: bomba linadondosha tone tone, ndoo inakingwa usiku kucha, asubuhi unafua mara moja. Kapasita ya maikrofaradi 100 ikipandishwa kutoka volti 1.8 hadi 3 itachukua karibu nusu dakika. Ikijaa, kihisi kinaamka, kinapima joto, kinatoa namba, kinazimika. Kisha kinakinga tena.

Hata kutoa namba kuna ujanja wake, na kwangu huu ndio utamu wa fani nzima. Kurusha mawimbi yako mwenyewe ni gharama kubwa, basi kihisi hakirushi. Kinaakisi mawimbi yaliyorushwa na mwingine. Umewahi kumwona mtoto darasani akichezesha kipande cha kioo juani, doa la mwanga likirukaruka darini? Antena nayo inabadilishwa haraka, mara iakisi, mara imeze, na mashine ya kusoma upande wa pili inasoma mirukaruko hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa University of Washington waliwezesha vifaa viwili kuwasiliana kwa kuakisi mawimbi ya mnara wa televisheni uliokuwa ukirusha vipindi vyake kama kawaida. Mwaka 2017 wakaonyesha simu isiyo na betri, inayotumia maikrowati chache tu.

Neno “kuvuna”, hata hivyo, linapotosha kidogo. Mawimbi ya minara na Wi-Fi yanayotuzunguka mara nyingi hayafikii hata maikrowati moja kwenye antena ndogo, kwa hiyo mifumo mingi inayotegemewa ina mtambo wake wa kulisha vihisi. Anayevuna ndiye aliyepanda.

Na ukiuziwa kava la simu linalochaji kwa Wi-Fi, piga hesabu kabla ya kutoa hela. Kwa maikrowati 10, betri ya simu ya saa-wati 15 ingejaa baada ya miaka 170 hivi.