Je, wajua kwa nini daftari la blokcheni halifutiki?

Msimu mmoja, huku kwetu juu ya Moshi, mama alipeleka kilo 68 za kahawa kwenye chama cha msingi. Malipo ya pili yalipofika, daftari la karani lilisoma 60. Ukiuinamia ule ukurasa uliona wazi: juu ya 8 palikokotezwa 0 nene kwa kalamu. Risiti ya mama ilikuwa imeshaliwa na mvua, basi akarudi nyumbani na hasara yake.

Blokcheni nayo ni daftari, ila nakala zake zimetunzwa kwenye kompyuta nyingi za watu mbalimbali. Kila ukurasa ukijaa, kompyuta huupigia hesabu inayotoa alama ndefu ya herufi na tarakimu, na alama hiyo huandikwa kwenye ukurasa unaofuata. Ukigeuza 8 kuwa 0, alama ya ukurasa ule inabadilika kabisa. Haitalingana tena na ile iliyokwisha kuandikwa mbele, na wenye nakala wote wataiona hitilafu. Bitcoin, sarafu ya kidijitali, iliitumia njia hii tangu Januari 2009, lakini daftari si lazima libebe sarafu.

Faida yake kibiashara iko kwenye safari ya mali. Walmart, kampuni ya maduka makubwa kule Marekani, ilijaribu kutafuta maembe yaliyokatwa yalitoka shamba gani: kwa makaratasi ilichukua karibu siku 7, kwa blokcheni sekunde 2.2. Sasa fikiria kahawa yetu inayotoka kihambani, inapita kiwanda cha kukoboa, inauzwa mnadani, kisha inapanda meli. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inamtaka mwagizaji aonyeshe mahali kahawa ilipolimwa, ili ijulikane haikutokana na msitu uliofyekwa. Tanzanaiti vilevile: inachimbwa Mererani peke yake duniani, na jiwe lenye rekodi tangu mgodini lingekuwa na ushahidi wa asili yake hata likifika mikononi mwa sonara wa mbali.

Hata hivyo, daftari bila washirika halifiki mbali. TradeLens, mfumo wa kufuatilia makontena wa Maersk, kampuni ya meli, na IBM, kampuni ya kompyuta, ulianza 2018, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba unafungwa, kwa kuwa sekta nzima haikukubali kushirikiana.

Tena kuna jambo linalonisumbua zaidi. Karani akiandika 60 tangu mwanzo, blokcheni itailinda 60 hiyo kwa uaminifu uleule. Kwa hiyo ningeanzia kwenye mizani: uzito uingie wenyewe, na ujumbe umfikie mkulima kwenye simu gunia likiwa bado linaning'inia, ili akiona tofauti aseme palepale. Mama simu anayo, ya vitufe, na kusoma tarakimu hakumshindi.